Shajara ya mradi: mnyororo wa chakula wa Aktiki kwa watoto wa chekechea, Malindi

Januari, shule zinapofunguliwa: mpango

Walengwa ni watoto wa PP1 na PP2, yaani mwaka wa kwanza na wa pili wa chekechea, miaka minne hadi sita. Muhula ukiisha, mtoto aweze mambo matatu: kupanga mnyororo wa chakula wa Aktiki (eneo la barafu kaskazini kabisa ya dunia) kuanzia jua hadi dubu mweupe, kusema kila kiumbe huliwa na nani, na kueleza kwa maneno yake mwenyewe kwa nini mwani ni mwingi na dubu ni wachache. Kukariri majina ya wanyama ishirini hakumo. Mtoto wa umri huu hushika majina upesi na kuyasahau upesi. Lakini akishaelewa kwamba nguvu za dubu zilitoka kwenye jua, zikapitia matumbo matatu kabla ya kumfikia, hilo halimtoki.

Mpangilio ni huu: bahari ya hapa kwanza, Aktiki baadaye. Na ndani ya Aktiki kwenyewe, mwani unatangulia, dubu anakuja mwisho kabisa. Picha nyingi za ukutani humweka dubu katikati, mkubwa, na vingine vyote pembeni. Mtoto akishamwona dubu huyo, mwani hana haja nao tena, na somo la chakula linageuka somo la wanyama wa kupendeza. Kwa hiyo picha za dubu zimefungiwa kabatini hadi Machi.

Jambo la kufanya mapema: chambua sanduku la wanyama wa plastiki. Yanayouzwa madukani mara nyingi huchanganya dubu mweupe na pengwini. Dubu mweupe yuko kaskazini ya dunia peke yake, pengwini ni wa nusu ya kusini, na hawakutani porini. Ondoa pengwini kabla sanduku halijafunguliwa mbele ya watoto. Wakishawapanga pamoja mara moja, kuwatenganisha ni kazi ya muhula mzima.

Januari, mwisho wa mwezi: tafi mezani

Mnyororo wa kwanza ni wa hapa: jua, nyasi za bahari na mwani, tafi, kolekole, papa. Tumeuchagua kwa sababu unaweza kupasuliwa ukaonekana kwa macho.

Vifaa: tafi wawili wa robo kilo kila mmoja, kolekole wawili wa nusu kilo, sinia, sahani nyeupe, kisu chembamba, mkasi wa nguvu, beseni la maji na sabuni. Samaki wawe wa asubuhi ile ile, wakae kwenye barafu tangu wanaponunuliwa. Tumbo huharibika kabla ya nyama, na likichelewa kila kilichomo kinakuwa uji usiotambulika. Mwambie muuzaji mapema asiwapasue, maana mkono wake umezoea.

Miiba ya tafi ina sumu. Ana kumi na mitatu mgongoni, saba chini nyuma ya tundu, na mingine kwenye mapezi ya tumboni. Ikatwe yote kwa mkasi, karibu na ngozi, kabla watoto hawajaingia darasani, na iingie kwenye kopo lenye kifuniko, siyo kwenye pipa la taka la wazi. Mtu akichomwa, mkono uwekwe kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua. Joto hupunguza maumivu ya sumu hiyo, barafu haisaidii. Maumivu yakizidi au mkono ukivimba, aende hospitali.

Pasua kuanzia tundu kuelekea kooni, kisu kisiingie zaidi ya nusu sentimita, la sivyo utumbo unakatika na yaliyomo yanachafuka. Utumbo wa tafi ni mrefu na umejizungusha. Ukiuminya juu ya sahani nyeupe hutoka majani yaliyosagika, ya kijani kilichoingia kahawia. Wa kolekole ni mfupi, na tumbo lake ni mfuko mnene ambao ndani yake mnaweza kuwa na mkia wa samaki, magamba, au hamna kitu. Tumbo tupu ni jambo la kawaida, ndiyo sababu ya kununua wawili.

Darasa zima likishaona, sentensi zinasemwa kwa sauti moja: nyasi za bahari huliwa na tafi, tafi huliwa na kolekole, kolekole huliwa na papa. Kauli hiyo ya kutendwa ishikiliwe bila kubadilishwa, kwani inakwenda upande mmoja na chakula. Mtoto anayesema "papa anamla kolekole" hachelewi kuchora mshale kutoka kwa papa kwenda kwa kolekole, yaani kinyume. Mshale unaelekea kwa mlaji, kule nguvu zinakokwenda.

Halafu subiri. Usiseme kitu. Karibu kila darasa hutoka mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, na nyasi nazo zala nini?" Swali hilo likitoka kwa mtoto, jua linaingia kwenye mnyororo kwa miguu yake. Likikosa kutoka, weka mche wa kunde kwenye kopo gizani na mwingine dirishani, siku saba zatosha.

Februari, mwanzo: mpira na tochi

Somo fupi. Mpira mkuukuu wa kandanda, chaki, tochi. Nukta moja karibu na mkanda wa katikati ni Malindi, nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Duara juu kabisa ni Aktiki: bahari iliyofunikwa na barafu na kuzungukwa na nchi kavu za Kanada, Marekani upande wa Alaska, Urusi, Norwe na Greenland. Kutoka hapa hadi ukingo wa duara hilo ni karibu kilomita 7,700.

La kubaki kichwani ni moja tu. Hapa mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima. Kule, kiangazi jua halizami na majira ya baridi halichomozi. Mwelekeze mtoto ainamishe mpira kidogo kuelekea kwenye tochi, auzungushe, aone kwamba duara la juu halitoki kwenye mwanga. Sababu za kisayansi za mwinamo ziachwe. Kinachohitajika kwa masomo yajayo ni kwamba mwani wa kule hukaa gizani miezi, kisha hupata mwanga mwingi kwa mpigo.

Februari, katikati: barafu yenye mwani chini

Watoto wengi, na watu wazima pia, hudhani chini ya barafu hamna uhai. Ukweli ni kwamba mwani mdogo mno huota kwenye upande wa chini wa barafu ya bahari na kuipaka rangi ya kahawia, na hapo ndipo sehemu kubwa ya chakula cha majira ya kuchipua huanzia. Bila kuliona hilo, mnyororo mzima unaning'inia hewani.

Kielelezo: chombo cha plastiki cha sentimita 15 kwa 20. Mimina chai ya mkandaa nzito, isiyo na sukari, kina cha sentimita 1, igandishe usiku kucha. Kesho yake ongeza maji hadi sentimita 6 na ugandishe tena. Maji haya ya pili lazima yawe yameshapoa kwenye friji karibu na kuganda. Ukimimina maji ya bomba ya siku ya kaskazi, tabaka la chai huyeyuka juu na rangi husambaa kote. Yakichemshwa kwanza kisha yakapozwa, barafu hutoka angavu zaidi. Geuza pande hilo, upande wa kahawia uwe chini, uliweke kwenye beseni la kioo au plastiki angavu lenye maji baridi, watoto walale kifudifudi watazame kwa ubavuni. Hapo wanaona mambo mawili kwa pamoja: barafu inaelea, na mwani uko chini yake.

Makosa yanayojitokeza: umeme ukikatika usiku, tabaka la kwanza halishiki, hivyo tengeneza vipande viwili siku mbili tofauti. Maji ya beseni yasipopozwa kabla, pande lote laisha kabla kundi la pili halijafika. Na barafu iliyotoka kwenye friza sasa hivi hunata kwenye vidole vyenye maji. Iachwe nje dakika chache, ishikwe kwa kitambaa.

Kopepoda, yaani vijidudu vya majini vinavyokula mwani huo, vikatwe kwa karatasi nyekundu, ukubwa wa punje ya mchele. Wale wakubwa wa Aktiki ndivyo walivyo hasa, milimita chache tu, na miilini mwao mmejaa mafuta. Usivikuze. Mtoto akivikata vikubwa ataona ajabu gani nyangumi wa Aktiki wa mita 15 akivila hivyo hivyo, bila samaki wala sili (mnyama wa baharini anayenyonyesha) katikati? Mnyororo huo mfupi (mwani, kopepoda, nyangumi) ufundishwe dakika tano tu, lakini usiachwe. Unavunja dhana kwamba mkubwa humla mkubwa mwenzake.

Februari, mwisho: shahamu

Hili ndilo somo linaloharibika mara nyingi kuliko yote, na ndilo linalopendwa kuliko yote. Swali ni: sili anaishije kwenye maji yenye baridi ya karibu nyuzi 2 chini ya sufuri bila kuganda?

Njia inayojulikana ni mifuko miwili ya plastiki yenye mafuta katikati. Tangu katazo la mifuko ya plastiki la Agosti 2017 mifuko hiyo imekuwa adimu, na hata ikipatikana huvuja. Tunatumia vikopo. Kopo kubwa la plastiki la lita 2, na dogo la lita 1 ambalo mkono wa mtoto unaingia. Jaza mafuta ya kupikia yaliyoganda kwenye kubwa, sukuma dogo katikati hadi mafuta yapande pande zote na chini, unene wa sentimita 2. Huchukua takriban kilo moja. Joto la mchana wa Malindi huyalainisha vya kutosha kusukumika kwa mkono. Ukishamaliza, weka kwenye friji yashike, kisha yatoe nusu saa kabla ya somo. Ziba ukingo kwa utepe wa gundi.

La kulinganishia ni kopo dogo peke yake, tupu, lisilovishwa chochote. Hapa ndipo pa kuangalia sana. Wengi huvisha kopo hili nalo kopo kubwa la nje, kisha huacha nafasi ya katikati tupu, wakidhani ndiyo haki. Nafasi hiyo ina hewa, na hewa huzuia joto kuliko mafuta. Matokeo yake mtoto anaona "pasipo mafuta ndipo penye joto," na yuko sahihi. Kopo la kulinganishia liguswe na maji ya baridi moja kwa moja.

Beseni: kilo 3 za barafu na lita 4 za maji, koroga, subiri dakika tano. Kipimajoto kisome kati ya nyuzi 0 na 2. Usitie chumvi. Chumvi hushusha joto la maji chini ya sufuri na ngozi ya mtoto inaweza kuumia bila yeye kusema. Barafu ya kuhifadhia samaki yafaa kwa kazi hii na ni rahisi, lakini si safi: hailambwi, na mikono ioshwe baadaye.

Mtoto anaingiza mkono mmoja kwenye kila kopo, wakubwa wawili wanayashikilia ndani ya beseni yasielee, darasa linahesabu hadi thelathini. Kopo lisipozama hadi karibu na ukingo, tofauti haionekani. Watoto wanne kwa beseni moja, kisha ongeza barafu.

Swali linalofuata huwa ni la manyoya. Dubu ana vyote viwili, manyoya mazito na shahamu chini ya ngozi, na ngozi yenyewe ni nyeusi. Manyoya hufanya kazi kwa kushika hewa. Yakilowa, hewa inatoka. Ndiyo maana mnyama anayeshinda majini hutegemea shahamu zaidi. Kipande cha blanketi kikavu na kingine kilicholowa vyatosha kuonyesha.

Machi: kadi, kamba, mchanga, na dubu

Kadi sita za boksi, sentimita 15 kwa 20: jua, mwani wa barafuni, kopepoda, samaki wa barafuni (*Boreogadus saida*, wa sentimita 25 hivi), sili mwenye madoa ya pete, dubu. Gundi nyeupe, siyo ya unga wa ngano, kwani mende huila usiku. Zipakwe utepe angavu pande zote mbili, unyevu wa pwani usizipinde.

Zitundikwe kwa vibanio vya nguo kwenye kamba ya wima, jua likiwa chini kabisa na dubu juu. Mnyororo wa ulalo una kasoro yake hapa: asubuhi watoto wanasoma kutoka kushoto, alasiri chuoni, yaani madrasa, wanasoma Kiarabu kutoka kulia, na wengine huanza mnyororo upande wasiotarajiwa. Siyo kosa lao. Kamba ya wima haina kushoto wala kulia. Jua kuwekwa chini huwashangaza kidogo. Waambie ndilo linalobeba wote.

Baada ya kadi, mchanga. Mchanga mkavu uliochekechwa, kwani ule wenye unyevu haumiminiki na vipimo vinadanganya. Ndoo ya lita 10 ni mwani. Kutoka humo, lita 1 inakwenda kwa kopepoda, na iliyobaki inamwagwa kwenye turubai: hiyo ndiyo iliyotumika kuogelea, kupumua, kukua, na iliyopotea. Kutoka lita 1, mililita 100 kwa samaki. Kisha 10 kwa sili, na 1 kwa dubu. Vipimo viwili vya mwisho hupatikana kwa bomba la dawa la mililita 10 lililokatwa ncha. Kumi kwa mia ni wastani wa kufundishia, kiasi halisi hubadilika kati ya kiumbe na kiumbe. Tumekataa kutumia mchele au maharage. Chakula kumwagwa mbele ya watoto ni funzo jingine kabisa.

Mtoto akishika bomba lenye mchanga kidogo vile, huku turubai limejaa, huhitaji kumhubiria kwa nini dubu ni wachache. Kwa mwalimu: makadirio ya dubu weupe duniani kote ni kama 26,000.

Sasa kabati linafunguliwa. Kata dubu dume wa boksi urefu wa mita 2.5, sili wa mita 1.3, uwalaze sakafuni. Eleza uwindaji bila kupunguza: sili hukwangua matundu ya kupumulia kwenye barafu kwa kucha zake, dubu husubiri kando ya tundu, kimya, hata kwa saa kadhaa. Hupendelea shahamu kuliko nyama, na mabaki huliwa na mbweha mweupe anayemfuata nyuma. Watoto wachache humhurumia sili, hasa mtoto wa sili mwenye manyoya meupe. Wasizuiliwe kuhurumia, na wasidanganywe kwamba dubu angeweza kula majani. Rudi kwa tafi na kolekole, ambao hawakumtisha mtu.

Kwa PP2 peke yao, ondoa barafu. Chora mstari wa chaki ya bluu uwe bahari, weka juu yake pande la boksi jeupe liwe barafu, kisha liondoe, uliza nani kakosa mahali. Mwani hauna pa kushika, sili hana pa kuchimbia pango la theluji la kuzalia, dubu hana pa kusimama akiwinda. Mwalimu ajue kwamba barafu ya Septemba imekuwa ikipungua tangu setilaiti zianze kuipima mfululizo mwaka 1979, na kwamba Septemba 2012 ilishuka kuliko wakati wowote katika vipimo hivyo. Mtoto wa miaka mitano asibebeshwe lawama ya jambo hilo. Aelewe kinachotendeka, basi.

Aprili, mwanzo: ndege wa Sabaki

Aktiki yenyewe huja Malindi. Kwenye mlango wa mto Sabaki, kaskazini mwa mji, hukusanyika ndege wadogo wa ufukweni waliozaliwa kwenye nyika za Aktiki. Wawili ndio wa kutafuta. Mmoja ni mweupe mweupe mwenye miguu myeusi, hukimbia mbele ya wimbi na kurudi nalo (*Calidris alba*). Wa pili ana mdomo mrefu uliopinda kwenda chini (*Calidris ferruginea*), na mwezi huu wengi wao wanageuka wekundu wa tofali kifuani kabla ya kuondoka kwenda Siberia.

Enda maji yanapojaa, saa mbili kabla hayajajaa kabisa. Yakipwa, ndege hutawanyika mbali kwenye tope. Yakijaa husukumwa karibu. Mkubwa mmoja kwa watoto watano, darubini moja kwa kundi, umbali wa mita 30, watoto wamekaa chini. Watu wasisogee kwenye ukingo wa mto wala kwenye matete: kuna viboko na mamba. Wabaki upande wa bahari, kwenye mchanga wazi.

Somo ni la mnyororo wa nchi kavu. Kule kwenye nyika, majani huliwa na lemingi, panya mnene mwenye mkia mfupi. Lemingi huliwa na mbweha mweupe na bundi mweupe. Lemingi huongezeka na kupungua kila baada ya miaka mitatu au minne. Wakipungua, mbweha hugeukia mayai na makinda ya ndege hawa. Kwa hiyo mwaka wa lemingi wachache huko Siberia ni mwaka wa ndege wachanga wachache hapa Sabaki. Hakuna picha ya ukutani inayoweza kumpa mtoto wa Malindi kitu hicho. Mtoto mmoja aliuliza kama mbweha atamla "huyu, yule pale." Jibu sahihi ni ndiyo, huenda akala mayai yake.

Walimu wanaochelewa kwenda Sabaki wasisumbue kichwa. Baadhi ya ndege wachanga hubaki hapa msimu wote wa kusi.

Aprili, shule zikifungwa: hali ya vifaa

Mafuta ya vikopo yametolewa, kwani yakikaa kwenye joto hunuka na kuvuta siafu. Vikopo vimeoshwa kwa maji ya moto na sabuni. Vibanio vya chuma vimeanza kutu kwa hewa ya bahari, vitabadilishwa na vya mbao. Dubu wa boksi amekunjwa mara moja tu kiunoni, akikunjwa mara mbili halali bapa tena sakafuni. Kadi ya kopepoda imechakaa kuliko zote na itachorwa upya, safari hii mwili ukiwa na tone la mafuta linaloonekana, kwa sababu watoto kadhaa wa PP1 bado hawajaelewa samaki anafuata nini kwa kijidudu kidogo hivyo. Somo la shahamu litahamishwa lifuate moja kwa moja somo la kopepoda, ili mafuta yafuatwe kutoka kwa mdogo hadi kwa mkubwa bila kukatizwa. Ndege wa kwanza hurudi Agosti. Ratiba ya maji kujaa na kupwa ya Septemba itafutwe kabla ya kupanga siku ya Sabaki.